Sigaa Sita kwa Mzee Jagtar

Wenzangu wa bweni la tatu,

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na suti yangu yote ilikuwa mwilini. (Yote, ukiondoa mfuko mmoja wa kushoto. Nitafika hapo.)

Ni saa kumi jioni hapa Kitale. Nimetoka Bungoma mchana huu, viatu bado viko miguuni. Naandika upesi kabla sijapata akili ya kunyamaza. Barua hii isomwe mlango ukiwa umefungwa, na atakayekuwa wa mwisho kuisoma aichome. Nyinyi mliobaki Bulgaria mna majiko ya kutosha.

Kwanza niwakumbushe mimi ni nani, maana nisipojisifu hapa mwanzoni sitapata nafasi tena. Mimi ni Wekesa, diploma ya mitambo ya kusaga nafaka. Nilisoma miaka mitatu kwa lugha ambayo hata herufi zake nilikuwa sijawahi kuziona. Sikuwa na mjomba wizarani. Nimerudi na suti ya rangi ya majivu, redio ya kaseti yenye spika mbili, na diploma yenye mihuri miwili, mmoja mwekundu. Kutoka hapa chumbani kwangu mpaka mtaa wa Kipsongo hakuna mtu mwingine mwenye muhuri mwekundu. Nimeuliza.

Tatizo ni moja tu. Nimerudi miezi saba, kazi sina. (Nimekataa ukarani mara mbili. Niliwaambia mimi si mtu wa kuandika idadi ya magunia. Siku hizi nikiona gunia naliheshimu. Lina mahali pa kwenda asubuhi.)

Basi mwezi huu nikasikia kwamba Mzee Jagtar wa Bungoma, mwenye kinu kikubwa cha unga, ameleta mashine mpya na anatafuta mtu wa kuisimamia. Nikaandika barua. Akajibu: njoo Ijumaa, saa nne asubuhi, na cheti chako. Nilipoona jina la ile mashine kwenye barua yake nilikaa chini. Ni ndugu ya ile tuliyofundishiwa! Naijua kama kiganja changu!

Nikatangaza. Mwenye duka, kinyozi, fundi wa baiskeli, wote wakajua. Mama mwenye nyumba nilimwambia aanze kutafuta mpangaji mwingine, kwamba mimi mwisho wa mwezi nahamia Bungoma kwenye nyumba ya kampuni. Akapata mpangaji. Anaingia tarehe mosi. Sasa mnaelewa leo ilikuwa siku ya aina gani kwangu.

Mnamkumbuka yule Mcuba wa chumba cha pili, aliyekuwa akikaa kitandani akisokota sigaa, zile sigara nene za majani matupu zisizo na karatasi? Na mnakumbuka siku tuliyopelekwa kiwandani, mkurugenzi akakataa kusema neno mpaka alipowasha moja? Mimi nilikumbuka vyote viwili kwa pamoja. Nikahitimisha (hapa ndipo elimu iliponiharibu) kwamba mtu mwenye mashine kubwa huwa mpole akiwa na moshi mdomoni. Nitampelekea Mzee Jagtar sigaa. Si za dukani. Nilizosokota mwenyewe. Ataona mikono ya fundi kabla hata hajaona diploma.

Nilikuwa sijawahi kusokota hata moja. Nilikuwa nimetazama tu, nikiwa nimejifunika blanketi.

Lakini tumbaku ilikuwepo, tena ilikuwa inalala chumbani kwangu. Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, amekuja kutoka Ndalu kungoja zamu yake ya kupasuliwa macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Mwanga anauona, mtu hamwoni. Alikuja na kikapu cha nguo na mzigo wa tumbaku ya shamba uliofungwa kwa majani ya migomba, na mzigo wa tumbaku ulikuwa mkubwa kuliko wa nguo. Kukhu huvuta kama wazee wa kwetu wa zamani: anasokota jani, analiwasha, kisha anageuza, upande wa moto unaingia mdomoni. Moto ndani, moshi nje. Anaongea hivyo hivyo. Anacheka hivyo hivyo. Sijawahi kumwona akiungua.

Jana asubuhi nikamwomba majani.

“Umeanza kuvuta?” akauliza.

“Hapana, Kukhu. Ni mambo ya kazi.”

“Kazi gani inataka tumbaku?”

“Kazi ya kisomo.”

Akanisukumia mzigo. Nikatandika gazeti mezani. Nikapanga rula, wembe, kikombe cha maji, chupa ya gundi na penseli. Nilichora hata mchoro, wenye vipimo. Sigaa, kwa nilivyokumbuka, ina sehemu tatu: majani ya ndani yanayoungua, jani la kuyafunga, na jani zuri la juu ambalo ni kama suti. Rahisi. Mtu aliyefungua na kufunga gia za kinu atashindwa na jani?

Jani la kwanza lilivunjika. La pili likavunjika. La tatu lilisubiri nimalize kulikunja vizuri, nitabasamu, kisha likavunjika.

“Hiyo jani inalia,” Kukhu akasema kutoka kwenye mkeka wake.

“Inalia vipi?”

“Kwani husikii? Inasema kra, kra. Imekauka. Ipe pumzi.”

Nikaona ni lugha ya kizamani. Badala ya pumzi nikalipa mvuke wa sufuria, kisayansi. Likawa kama mboga ya jana. Nikalitandaza, nikajaza majani ya ndani, nikasokota kwa nguvu zangu zote, nikapaka gundi, nikakata ncha kwa wembe. (Nikakata na kidole. Plasta ya kwanza.) Ilipokauka nikaiwasha kuijaribu. Nikavuta. Hakuna kitu. Nikavuta mpaka masikio yakaziba. Ilikuwa imebana kama kizibo, ungeweza kufungia nayo mtungi.

Ya pili nikaisokota kwa ulegevu. Ilishika moto yote kwa pamoja, kama kuti. Nyusi ya kulia haijarudi mpaka sasa.

Ya tatu ilikuwa nene katikati na nyembamba kando, kama nyoka aliyemeza panya. Ya nne ilijifungua yenyewe mezani, polepole, huku naitazama. Ya tano ilishikamana na vidole vyangu, nikalazimika kuing'oa kwa mafuta ya taa. Kufika saa nane mchana nilikuwa na plasta tatu, na nusu ya mzigo wa Kukhu ilikuwa sakafuni.

Kisha Kukhu akasema, “Wekesa. Unaniharibia chakula yangu.”

“Pole, Kukhu.”

“Lete hapa. Na uniambie unataka ya namna gani.”

Nikamwelezea. Nikamwekea mchoro mapajani. (Mchoro! Kwa mtu asiyeona!) Akaupapasa, akauweka kando, akanyoosha mkono. “Nipe kidole yako ya kati.” Nikampa. Akakipima kwa vidole vyake kutoka ncha mpaka kiungo cha mwisho, mara moja tu. “Urefu hii na nusu?”

“Ndiyo, hiyo hiyo.”

Jamani. Sikilizeni, maana hapa sitanii.

Alichukua jani, akalifungua mbele ya mdomo wake, akalihemea. Haa. Pumzi moja, kama mtu anayetaka kusafisha miwani. Lile jani lililokuwa linalia likanyamaza. Likalala juu ya kiganja chake kama kitambaa. Akapitisha ukucha wa dole gumba chini ya ule uti wa katikati, akauvuta, ukatoka mzima, mrefu, bila jani kuchanika popote. Akachukua majani ya ndani, akayakunja moja moja, si kwa kuyabana. “Unaacha njia,” akasema. “Moshi pia ni mtu, anataka mlango.” Kisha akaliweka paja lake kuwa meza, akasukuma kiganja mara moja kwenda mbele. Mara moja tu! Likawa limejiviringa. Jani la juu akalizungusha kwa mshazari kutoka mguuni kwenda kichwani, likapanda kama ngazi, kila ngazi sawa na mwenzake. Mwishoni akachovya kidole kwenye kikombe chake cha uji wa wimbi, akapaka tone, akakikunja kile kichwa kwa mkunjo mdogo wa duara, kama kitovu cha mtoto.

Akanipa. Ilikuwa nyepesi. Nikaivuta bila kuiwasha, hewa ikapita.

Nilikaa tu. Mashine niliyosomea miaka mitatu ina tani nne na injini ya farasi arobaini, na sijawahi kuitazama nilivyoutazama ule mkono. Nilitaka kumwambia arudie polepole, nijifunze, lakini nilipomwambia arudie akarudia kwa kasi ile ile, maana nyingine haijui. Zikawa sita. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Nikatoa rula kwa siri, nikazipima. Zote sawa. Nikapima tena, kwa sababu mimi ni mtu wa vipimo. Zote sawa!

“Kukhu, umejifunza wapi?”

“Kwa mama yangu. Yeye alikuwa anasokota akitembea.”

Kisha akauliza, “Ni za nani?”

“Siri ya biashara.”

“Nimekupa jasho yangu. Ni za nani?”

“Za mtu mkubwa, Kukhu. Utaona gari likija kunichukua hapa.”

“Sitaona. Ni mtu gani? Unajua kama anavuta?”

“Kukhu,” nikasema, kwa ile sauti ya mtu aliyepanda ndege, “watu wakubwa wote wanavuta.”

Mara tatu aliuliza. Ningemjibu mara moja tu, ningekuwa naandika barua nyingine.

Sasa, mtu mwenye akili angeziacha zile sigaa kama zilivyo. Mimi nikaona lazima niongeze kitu cha diploma. Nikakumbuka kwamba Mcuba alikuwa akizibana kwenye ubao ili zikae vizuri. Ubao sina. Lakini diploma yangu ilikuwa ukutani, kwenye fremu yenye kioo kizito. Nikaishusha, nikakitoa kioo, nikatandika gazeti juu ya diploma yenyewe, nikapanga sigaa sita juu ya gazeti, nikarudisha kioo, nikaweka matofali mawili. Mpaka asubuhi.

Asubuhi ya leo nikainua kioo. Sigaa zilikuwa nzuri ajabu. Diploma ilikuwa na mistari sita ya kahawia, kuanzia jina langu mpaka muhuri mwekundu. Unyevu wa majani ulikuwa umepita kwenye gazeti kama maji kwenye mchanga.

Nikashtuka kidogo. Kidogo tu. Nikaitazama kwa mbali, nikajiambia inaonekana ya zamani, ya heshima, kama hati ya ufalme. Nikainusa. Haikunuka chochote. (Pua yangu ilikuwa imelala na tumbaku siku mbili. Ungeniwekea fisi isingemnusa.) Sigaa nikazitia kwenye mkebe wa biskuti, diploma kwenye bahasha, mkebe na bahasha kwenye mkoba mmoja. Suti ilikuwa imening'inia chumba hicho hicho tangu juzi. Tai nikaifunga mara mbili.

“Enda vizuri,” Kukhu akasema. “Ukirudi uniambie kama alivuta.”

Saa nne kasorobo nilikuwa getini Bungoma. Askari wa geti, mzee mfupi mwenye koti refu, akanisogelea. Akanusa. Akarudi nyuma hatua moja.

“Bwana, umeleta tumbaku ya kuuza?”

“Mimi ni diploma,” nikamwambia.

“Diploma peleka ndani. Hiyo ingine acha hapa kwangu.”

Nikacheka moyoni. Nikajua anataka moja. Hata kabla hatujaajiriwa wanaanza kutuomba! Nikampita na kidevu juu.

“Shauri yako, bana,” akasema nyuma yangu. “Mimi nimekuambia.”

Ofisi ya Mzee Jagtar iko ng'ambo ya chumba cha mashine, ukuta mmoja tu katikati, kila kitu mezani kinatetemeka kidogo. Mzee mwenyewe ni mrefu, ndevu nyeupe zimefika kifuani, kilemba cheupe kimefungwa vizuri kuliko sigaa yoyote, bangili ya chuma mkononi. Ukutani kuna picha ya mtakatifu wao na udi mdogo. Pembeni alikaa Fundi Simiyu, mtu wa makamo mwenye unga mpaka kwenye kope, ambaye amekaa na vile vinu tangu vya zamani.

Mzee Jagtar alizaliwa Bungoma. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na Kibukusu alichonisalimia nacho kilinifanya nisimame vizuri.

“Karibu, kijana. Nasikia umesomea mbali.”

Nikaanza. Jamani, nilikuwa moto! Nikaeleza mawe ya kusagia, chekeche, mikanda, beringi. Mzee akawa anaitikia. Alikunja pua mara mbili tatu, nikadhani ni vumbi la unga. Fundi Simiyu akawa ananitazama mkoba, tena usoni, tena mkoba. Nikadhani ni wivu.

“Na hii mpya,” Mzee akasema, “utaweza kuiwasha Jumatatu?”

Jumatatu! Kazi ilikuwa yangu. Niliiona ile nyumba ya kampuni, niliona hata pazia. Nikaona wakati umefika.

“Mzee,” nikasema, nikisimama, “kule tulikosoma, mambo makubwa kama haya hayafungwi kwa maneno matupu.”

Nikafungua mkebe chini ya pua yake. Sigaa sita. Nikatoa moja. Na kwa kuwa nilitaka kumwonyesha kila kitu, nikaiwasha mwenyewe, nikavuta mara mbili ikawaka vizuri, nikamnyooshea kwa mikono miwili, kwa heshima, huku nimeinama.

Nikiwa nimeinama nikasikia kiti kikirudi nyuma mpaka kikagonga ukuta.

Hata kile kinu cha upande wa pili nadhani kilinyamaza.

“Wewe!” Fundi Simiyu akaninong'oneza. “Zima hiyo! Kwani wewe umetoka wapi? Hawa hawagusi tumbaku! Ni dini! Mtoto wa nasari hapa Bungoma anajua!”

Nikainua macho. Mzee Jagtar alikuwa amesimama na mgongo ukutani, chini kabisa ya ile picha, mikono ameificha nyuma kama mtu anayekwepa ng'ombe wasimguse. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo. Alikuwa ananionea huruma.

Sasa, mtu akipatikana hivyo anafanya nini? Anaomba msamaha. Mimi nikaificha. Nikaitia sigaa kwenye mfuko wa kushoto wa koti, nikafunga mkebe, nikatabasamu, nikasema, “Tulikuwa tumefikia kwenye beringi.”

Nikaendelea na beringi. Wallahi niliendelea. Nikafika mpaka kwenye grisi. Walikuwa wananitazama wote wawili kwa makini mno, nikafurahi kwamba nimeokoa hali. Ndipo nikaona uzi wa moshi unapanda mbele ya uso wangu. Nikauelekeza pembeni kwa mkono, kama nzi. Ukarudi mnene zaidi. (Sigaa ya Kukhu haizimiki ovyo. Ina njia. Moshi ulikuwa umepata mlango.)

“Kijana,” Mzee Jagtar akasema taratibu, “unaungua.”

Fundi Simiyu hakungoja. Alichukua jagi la maji mezani akanimwagia lote, kuanzia kifuani. Pshhh! Mfuko wa kushoto ukaanguka wenyewe sakafuni na tundu lake. Nikasimama pale nikidondoka maji, tai imeshikamana na tumbo. Mlangoni wapakiaji wanne wa unga walikuwa wamejaa, wameshikana mabega wasianguke kwa kicheko.

Nikaona limebaki jambo moja tu la kuniokoa. Nikafungua mkoba, nikatoa bahasha, nikaiweka diploma mezani.

“Hii hapa, Mzee. Ina mihuri miwili.”

Harufu iliyotoka kwenye ile bahasha, hata mimi safari hii niliisikia. Mzee Jagtar alinyoosha mkono kuichukua, akausimamisha hewani. Akaurudisha. Akanyoosha shingo kuisoma kutoka mbali, macho ameyakaza.

“Naona mistari,” akasema. “Simiyu, isogeze kidogo.”

Fundi Simiyu akachukua kipande cha gazeti, akaishika diploma yangu kwenye pembe moja kwa lile gazeti, kama mtu anayeshika panya kwa mkia, akaiinua juu. Miaka mitatu ya maisha yangu. Muhuri mwekundu. Ikaning'inia pale, inanuka.

“Sijawahi kukataa cheti cha mtu,” Mzee akasema. “Lakini hiki siwezi kukishika.”

Nikatafuta maneno. Nikapata mabaya kuliko yote. “Nisamehe, Mzee. Sikujua. Nilitaka tu uone kazi ya mikono yangu.”

“Umezisokota wewe?”

“Mimi mwenyewe.”

Akamtazama Fundi Simiyu. Simiyu akafungua mkebe, akachukua sigaa moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama ule mkunjo wa kichwani, ule kama kitovu. Uso wake ukabadilika. Akavitazama vidole vyangu: plasta tatu, gundi, na alama ya penseli.

“Mzee,” akasema, “hii ni mkono ya mama ya zamani. Mama yangu alikuwa anafunga kichwa hivi hivi. Huyu hawezi. Huyu amekatwa na wembe.”

Mzee Jagtar akaningoja. Hakuniuliza mara ya pili. Aliningoja tu, na maji yakaendelea kudondoka kwenye mikono ya suti yangu.

“Ni nyanya yangu,” nikasema. “Mimi nilishindwa. Nilivunja nusu ya mzigo wake. Yeye alizitengeneza zote kabla chai yangu haijapoa. Na haoni, Mzee. Ana mtoto wa jicho.”

“Haoni?”

“Haoni.”

Mzee alisogea hatua mbili kutoka ukutani. Mikono bado nyuma. Akainama juu ya ule mkebe akazitazama zile nne zilizobaki. Alizitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama gia mpya zilizotoka kwenye boksi.

“Sigusi tumbaku,” akasema. “Baba yangu hakugusa. Lakini kazi naijua nikiiona. Zote sawa.”

“Nilizipima kwa rula,” nikasema. “Zote sawa.”

Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akakaa kwenye kiti chake.

“Simiyu huyu hajui kusoma,” akasema. “Anasikiliza. Beringi ikitaka kuharibika anajua siku tatu kabla, kwa sikio. Jumatatu utakuja. Hutawasha mashine. Utakaa karibu na Simiyu, ufanye anachokuambia, na usimwambie ulisoma wapi mpaka akuulize. Nyumba ya kampuni ingoje kwanza. Hicho cheti kianike nje. Harufu ikiisha, nilete nikisome. Nikikisoma, tutazungumza habari ya mashine.”

“Na nyanya yako,” Fundi Simiyu akaongeza, “umwambie tunamsalimia sana.” Akaifunga ile sigaa kwenye kitambaa chake safi na kuitia mfuko wa shati, ya kuvutia nje ya geti.

Getini yule askari aliutazama mfuko wangu usiokuwepo, akanifungulia.

Nilipofika nyumbani Kukhu alikuwa amekaa mlangoni. “Alivuta?” akauliza kabla sijavua tai.

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye kilemba akanishika mkono.

“Kalasinga? Umepelekea Kalasinga tumbaku?”

“Ndiyo, Kukhu.”

“Woi! Woi mayi! Si ningekuambia! Nimeuza mboga karibu na duka yao miaka mingi. Tukitaka kuvuta tunavuka barabara, tunaenda upande ile upepo haiwafikii, kwa heshima. Nilikuuliza mara tatu!”

Kisha akacheka. Alicheka moto ukiwa ndani ya mdomo, jamani, na hakuungua.

Nikamwambia pia walivyosema: zote sawa, na salamu za Fundi Simiyu. Hapo akaacha kucheka. Akapapasa goti langu. “Nilikuwa nafikiri zimepishana kidogo,” akasema. “Siku hizi mkono hauna uhakika.”

Mama mwenye nyumba nimemwendea. Mpangaji mpya amekubali kungoja mpaka mwezi ujao. Kwa hiyo ile harufu ina mwezi mmoja wa kutoka.

Diploma nimeianika. Ipo kwenye kamba ya nguo hapo nje, kati ya blanketi na suti, imeshikwa na vibanio viwili. Majirani wamepita wakauliza ni nini, nimesema ni ramani. Kukhu amejitolea kuilinda, kuku wasiirukie na upepo usiichukue. Ameburuta mkeka wake mpaka chini yake kabisa, maana jua la jioni linamuumiza macho. Amekaa. Anavuta.

Nimetoka mara mbili kumwambia ahame. Mara mbili nimerudi ndani bila kusema kitu, maana nilimkuta anasokota nyingine.

Tafadhali msicheke. Ndiyo mara ya kwanza diploma hii kumfaa mtu wa ukoo wetu: imempa nyanya yangu kivuli cha kuvutia tumbaku.